UZI: Misemo ya Kiingereza tunayoisikia ofisini kila siku, ipi ina asili ya kweli na ipi ni chai

Mhariri wa Zamu ya Usiku:

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kunyoosha ripoti za watu kabla hazijaenda kwa wafadhili. Ripoti ni za Kiingereza, wanaoziandika ni sisi hawahawa, na kila ukurasa una "deadline", "by and large", "rule of thumb" na ndugu zao. Tunaziandika kwa mazoea. Nikaanza kuzifuatilia moja moja zilitoka wapi, na nimeona nizimwage hapa, mwenye zake aongeze.

Naanza na deadline, maana hiyo ndiyo inayotunyima usingizi, na asili yake ni mbaya kuliko mnavyodhani.

Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vikiwa vimepamba moto, majimbo ya Kusini yalijenga kambi ya wafungwa wa vita huko Andersonville, Georgia. Usifikirie majengo. Lilikuwa boma la magogo yaliyosimikwa wima, ndani uwanja mtupu, jua na mvua juu yao, na kijito kimoja kinachopita katikati ambacho watu walikinywa na hapohapo wakakifanya choo. Lilikusudiwa watu 10,000. Kufika Agosti walikuwa wamepita 30,000. Sasa, ndani ya boma, kama mita sita hivi kabla ya kuufikia ukuta, palipigwa vigingi vifupi na juu yake ukalazwa upau mwembamba wa mbao. Kizuizi ambacho mtoto anakiruka. Huo upau ndio ulioitwa "dead line". Mlinzi aliyekaa juu kwenye kibanda chake alikuwa na amri moja: atakayeuvuka, au hata kuugusa, apigwe risasi bila kuulizwa.

Karibu watu 13,000 walikufa pale, wengi wao kwa njaa, kuhara na kiseyeye. Vita vilipokwisha, mkuu wa kambi, Kapteni Henry Wirz, alishtakiwa Washington na kunyongwa tarehe 10 Novemba 1865. Kesi yake ilijaa magazetini, na huo mstari wa kifo ukatajwa tena na tena mpaka nchi nzima ikaujua. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyumba vya habari vya Marekani vikauchukua: saa ambayo ikipita, habari yako haiingii kwenye gazeti la kesho. Kutoka magazetini ukahamia kwenye maofisi yote duniani.

Kwa hiyo meneja akikwambia deadline ni Ijumaa saa kumi, kihistoria amekwambia saa kumi na dakika moja unatandikwa risasi. Nashukuru wa kwetu huwa wanasogeza.

Hiyo ina ushahidi: mahali, mwaka, mashahidi wa mahakamani. Lakini nyingi mnazotumiwa WhatsApp ni chai tupu. Mwaka 1999 ilizunguka barua pepe ya Kiingereza iliyodai kueleza maisha ya miaka ya 1500 na misemo iliyotokana nayo, na mpaka leo watu wanaikata vipande wanasambaza. Humo ndimo mlimotoa ile ya "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa sana: eti nyumba za Waingereza ziliezekwa kwa nyasi, paka na mbwa wakilala ndani ya nyasi kupata joto, mvua ikinyesha paa linateleza, wanadondoka.

Yeyote aliyewahi kulala chini ya paa la makuti anajua huo ni uongo. Paa la nyasi limesukwa limebana, maji yanateremka juu kwa juu. Mbwa gani ataingia humo? Tena mvua ndiyo ingemfukuza huko juu mapema kabisa. Kilichopo kwenye maandishi ni hiki: mwaka 1651 mshairi Henry Vaughan ametaja mbwa na paka kunyesha, miaka michache baadaye tamthilia moja ya London ikasema itanyesha mbwa na vicheche, halafu mwaka 1738 Jonathan Swift akaandika kama tunavyosema leo, kwenye kitabu cha kuwacheka watu wa tabaka la juu kwa mazungumzo yao yaliyochakaa. Maana yake kufikia 1738 msemo ulikuwa umeshachosha masikio. Kwanini paka na mbwa? Wenye kamusi hawajakubaliana, na mimi sitawatungia.

Kipimo changu ni hiki. Ukiletewa kisa, uliza msemo umeandikwa mara ya kwanza lini, na hicho kitu kinachosemekana kuuzaa kilikuwepo lini na wapi. Tarehe zikipishana, hiyo chai. Na mara nyingi nimeona jibu la kweli limelala kwenye kazi ya watu: mabaharia, wachapaji, wacheza kamari, wafuga farasi. Kisa kikiwa na mfalme na mke mzuri ndani yake, naanza kutilia shaka.

Karibuni. Nitarudi.


Kijana wa Buza:

Naweka kambi hapa. Chapati ziletwe.


Jirani wa Voi:

Mhariri, umeshusha nondo. Kwetu huku Kenya hakuna mkutano unaisha bila mtu kusema "by and large". Hiyo nayo ilitoka wapi? Nimejaribu kuivunja neno kwa neno haileti maana yoyote.


Nahodha Asiye Chombo:

Hiyo niachieni mimi, mzee wenu. Nimekulia kwenye majahazi kabla ya kuhamia meli za injini, na Kiingereza nilichokutana nacho huko kilinifunulia mengi.

Haiwezi kuleta maana kwa mtu wa nchi kavu kwa sababu ni maneno ya tanga. Chombo kikienda "by the wind", kinakwenda joshi, kinaubisha upepo karibu kabisa na unakotoka. Kikienda "large", upepo umekuja kwa nyuma na ubavuni, tanga limeachiwa, chombo kinateleza. Kuna vyombo vikali kwenye kubisha lakini upepo wa nyuma ukija vinayumba, na vingine kinyume chake. Chombo kinachokwenda vizuri "by and large" ni kile kinachofaa hali zote mbili. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa wanaandika hivyo kwenye karne ya 17. Watu wa mjini wakauchukua kwa maana ya "kwa jumla", upepo wakauacha baharini.

"Taken aback" ni hapohapo. Upepo unageuka ghafla au mshika usukani amelala, tanga linapigwa kwa mbele na kugandamana na mlingoti, meli nzima inasimama kwa mshtuko. Aliyewahi kuona jambo hilo usiku haulizi kwanini maana yake ni kupigwa butwaa.

Na kuna moja inawapoteza wengi: "three sheets to the wind", yaani mtu aliyelewa chakari. Wengi wanadhani "sheet" ni tanga. Siyo. Ni demani, ile kamba inayoshikilia pembe ya chini ya tanga. Demani moja ikifyatuka, tanga linapigapiga na chombo kinalegea. Zikifyatuka tatu, chombo kinakwenda upande upande kama mtu anayetoka kilabuni saa nane usiku.


Kijana wa Buza:

Shikamoo nahodha. Hapo kwenye kilabu nimeelewa bila mkalimani.


Binti Pakanga:

Shikamoo mzee. Nahodha, na "the bitter end"? Mimi nimeichukulia siku zote kuwa ni mwisho mchungu tu, kwa sababu Mithali 5:4 inasema mwisho wake ni mchungu kama pakanga.


Nahodha Asiye Chombo:

Marahaba wanangu.

Binti, Biblia ipo na imesaidia msemo kushika, sikatai. Lakini baharini kulikuwa na kitu chenye jina hilo. Juu ya sitaha ya mbele kulikuwa na magogo mawili mazito yanaitwa "bitts". Amari ya nanga, yaani kamba yake nene, inazungushwa hapo. Kipande cha amari kinachobaki ndani ya meli, upande wa pili wa hayo magogo, ndiyo "bitter end". Kapteni John Smith, huyuhuyu wa Virginia na Pocahontas, ameieleza kwenye kitabu chake cha ubaharia cha mwaka 1627. Ukiwa unatoa amari kina kirefu na nanga haishiki, halafu unaona ile ncha ya ndani imefika kwenye magogo, hakuna amari nyingine. Umefika mwisho, na kilichobaki ni dua.

Nimalizie na ya kilevi kwa ajili ya huyu kijana wa Buza. "Groggy". Admirali Edward Vernon alikuwa akivaa koti la kitambaa kizito kinaitwa grogram, mabaharia wakampachika jina Old Grog. Mwaka 1740 alichoka kuona watu wake wanalewa, akaamuru mgawo wa ramu usitolewe mkavu tena, uchanganywe na maji, sehemu nne za maji kwa moja ya ramu. Mabaharia kwa hasira wakakipa kinywaji jina lake: grog. Aliyekunywa sana akawa "groggy". Siku hizi neno ni la mtu aliyeamka na usingizi kichwani au bondia aliyepigwa akaona nyota. Jeshi la majini la Uingereza liliendelea kugawa ramu mpaka tarehe 31 Julai 1970, na walioionja siku ile ya mwisho wengine walivaa vitambaa vyeusi mkononi kama wako msibani.

Na lile shamba la nyumbani kwa George Washington, Mount Vernon, limepewa jina la admirali huyohuyo. Kaka yake Washington alipigana chini yake.


Mhariri wa Zamu ya Usiku:

Mzee umetutendea haki. Kwa kuwa tuko melini bado, niiue na "posh" kabisa. Mmeambiwa ni kifupi cha "Port Out, Starboard Home", vyumba vya upande wenye kivuli kwa matajiri waliokuwa wakisafiri kati ya Uingereza na India, eti tiketi zao zilipigwa mhuri wa herufi hizo nne. Tiketi za meli zile zimehifadhiwa nyingi. Yenye mhuri huo haijawahi kupatikana hata moja. Na kamusi ya misimu ya mwaka 1890 inalo neno "posh" kwa maana ya mtanashati, bila meli wala India. Chukueni kama kanuni: neno la zamani ukiambiwa ni kifupi cha maneno manne, shika mfuko wako wa shati.


Wakili Mdogo:

Kaka Mhariri, nilete moja ya upande wangu. "Rule of thumb". Sijahudhuria semina ya jinsia ambayo kisa hiki hakikusimuliwa: kwamba sheria ya Uingereza ilimruhusu mume kumpiga mke kwa fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba, na ndiko msemo ulikotoka.

Kumtetea mwanamke ni wajibu, lakini tumtetee kwa ushahidi. Sheria hiyo haimo kwenye vitabu vya Uingereza. Kilichopo ni kwamba mwaka 1782 ulienea uvumi kuwa Jaji Francis Buller alitamka maneno hayo. Hukumu yenyewe hakuna aliyeionyesha. James Gillray akachora kibonzo, jaji amevaa joho na wigi, amebeba mafungu ya fimbo anaziuza kwa waume, nyuma yake mwanamume anamcharaza mkewe. Jaji wa watu akabaki na jina la Judge Thumb, yaani Jaji Gumba, mpaka kaburini. Ila msemo "rule of thumb" ulishaandikwa karne ya 17, kwa maana ya kukadiria kwa uzoefu, kabla Buller hajazaliwa.

Niongeze ili mtu asidhani naosha historia. Kipimo cha kidole gumba kilitajwa kweli mahakamani Marekani. Mwaka 1868 huko North Carolina, kwenye kesi ya State dhidi ya Rhodes, jaji wa chini alimwachia mume kwa hoja kuwa kiboko alichotumia hakikuzidi kidole chake. Mahakama ya juu ilikikataa kipimo cha kidole lakini mume akabaki huru vilevile. Kwa hiyo unyama ulikuwepo, na imani ya kidole ilikuwepo. Msemo tu ndio haukuzaliwa humo.

Mafundi ndio wenye msemo. Gumba ni rula ambayo huisahau nyumbani.


Mwana wa Kenya ya Lubumbashi:

Jambo kwa wote. Wengine mtashangaa, ila Kenya ni komini huku Lubumbashi, si ile ya Nairobi.

Dada wakili amesema kweli, na Kifaransa chetu kinamuunga mkono. "Pouce" ni kidole gumba, na "pouce" hiyohiyo ni inchi. Mtu akienda dukani kununua televisheni huku anaomba ya "pouces" 32. Ni vidole gumba 32 anaviomba, na hakuna anayefikiria mke wa mtu.


Kijana wa Buza:

Sasa mimi nawaletea ambayo hamtaipinga. "The whole nine yards", yaani kitu chote bila kubakiza. Ni vita ya pili ya dunia. Mkanda wa risasi wa bunduki ya ndege ulikuwa yadi tisa. Rubani akirudi amemaliza risasi zote anasema nimempa adui yadi zote tisa. Nimeiona kwenye video yenye watazamaji kibao, mzungu mzima anaeleza na picha za ndege nyuma yake.


Mhariri wa Zamu ya Usiku:

Mdogo wangu, ngoja nikae vizuri, maana hii ndiyo niipendayo kuliko zote.

Kwa miaka mingi huu msemo uliwatoa jasho wataalamu wa Marekani. Kila mtu alikuwa na yadi zake tisa. Mkanda wa risasi. Kitambaa cha suti. Zege kwenye gari la kumimina. Nguzo za milingoti. Sari ya Kihindi. Na kila mmoja aliapa babu yake alimwambia. Shida ilikuwa kwamba hakuna maandishi ya zamani, kwa hiyo kila chai ilinyweka.

Kisha magazeti ya zamani yakaanza kuingizwa kwenye kompyuta, hata yale ya vijiji ambayo hakuna profesa angeyafungua. Watafiti, tena mmoja wao ni mtu anayefanya hii kazi kwa kupenda tu baada ya saa za ajira yake, wakaanza kupekua. Wakakuta gazeti la mji mdogo wa Mitchell, Indiana. Mwaka 1907 linatangaza mechi ya besiboli na kusema haliwezi kuahidi "the full nine yards". Mwaka 1908 gazeti hilohilo linamsema jamaa mmoja aliyerudi kuvua samaki akiwa na stori ndefu, kwamba kuna siku atampata mtu asiyejua kitu ampe "the whole nine yards". Ndege ya kwanza kuruka ilikuwa na miaka mitano tu wakati huo. Bunduki za ndege hazikuwepo hata ndotoni.

Lakini utamu uko hapa. Wakapata pia magazeti ya Kentucky ya mwaka 1912 na 1913, na la South Carolina la 1921, na huko msemo ni "the whole six yards". Yadi sita! Kama ilikuwa sita kwa hawa na tisa kwa wale, basi hakukuwa na kitu chochote chenye urefu wa yadi tisa. Ni namna ya kusema tu, namba ikabadilika kama zinavyobadilika kwenye stori za wavuvi. Watu walipoteza miongo wakitafuta kitu cha kupima kwa futi kamba.


Mwana wa Kenya ya Lubumbashi:

Samahani, yadi sita kitu kipo. Kipande kizima cha kitenge ni yadi sita. Mke wangu akikosa mbili hapo hatulali.


Kijana wa Buza:

Mhariri nimekusoma yote na Kentucky yako. Mimi nabaki na ndege yangu, kama ni chai basi niongezeeni sukari.


Mwalimu wa Zamani:

Nimekuwa nawasoma kimya. Mhariri, kanuni yako nzuri lakini usiishike kwa meno yote. Vipo visa vitamu na vya kweli. Nimefundisha Kiingereza kidato cha tano na sita mpaka nilipostaafu, na hiki nilikitumia kuwaamsha wanafunzi baada ya chakula cha mchana.

John Dennis alikuwa mwandishi wa tamthilia London. Mwaka 1709 alipeleka mchezo wake kwenye jumba la Drury Lane. Kwa ajili ya mchezo huo alibuni njia mpya ya kutengeneza mlio wa radi nyuma ya jukwaa. Watu wakaupenda mlio, mchezo wakauchukia. Ukaondolewa baada ya siku chache. Muda mfupi baadaye Dennis akaenda palepale kuangalia Macbeth ya Shakespeare. Wachawi wakatoka, radi ikapiga, na Dennis akaitambua: radi yake! Akasimama akapiga kelele kwamba mchezo wake wameutupa lakini radi yake wanaiba. Hicho kisa kiliandikwa karne ileile ya 18, si barua pepe ya mwaka 1999. "Steal my thunder", yaani kumpora mtu sifa yake, ndiyo hiyo.

Sasa kina kila kitu cha chai: mtu mwenye jina, hasira, kinyongo, na neno la mwisho kali. Na bado kimesimama.


Mhariri wa Zamu ya Usiku:

Shikamoo mwalimu. Sikatai hata kidogo, maana kimepita kwenye mizani: mwaka upo, jumba lipo, mchezo upo, na walioandika walikuwa karibu na tukio. Tena mwenye kisa ni mtu wa kazi, fundi wa radi.

Linganisha na "red herring". Tulifundishwa kwamba wawindaji walizoesha mbwa wao kwa kuburuta ng'onda wa samaki aina ya heringi, aliyetiwa chumvi na kufukizwa moshi mpaka akawa mwekundu, ili mbwa wasipotezwe na harufu nyingine. Aliyeutia msemo nguvu ni mwandishi wa habari, William Cobbett, mwaka 1807. Aliandika kwamba utotoni alikuwa akiburuta samaki huyo kuwapoteza mbwa waliokuwa wakimfukuza sungura. Hakuwa anafundisha uwindaji. Alikuwa anawasema magazeti wenzake waliokurupuka na habari ya uongo kwamba Napoleon ameshindwa, wakasahau mambo ya nyumbani. Yaani msemo wa kupoteza watu lengo umezaliwa kwenye lawama za habari feki. Miaka mia mbili iliyopita!


Jirani wa Voi:

Na "OK" je? Hiyo hata nyanya yangu shambani anaitumia. Niliambiwa ni ya vitani, "zero killed", ubao unaandikwa 0K wakirudi bila aliyekufa.


Mhariri wa Zamu ya Usiku:

Chai, na imepoa. Tarehe ya OK inajulikana mpaka siku: 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post.

Vijana wa magazeti wa Boston wakati huo walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, tena kwa kuyakosea herufi makusudi, kama wanavyofanya vijana wetu kwenye meseji. "All correct" wakaiandika "oll korrect", wakaifupisha OK. Vifupisho vingine vya mchezo ule karibu vyote vilikufa. OK aliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa kwao ni Kinderhook, New York, wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook na kuunda OK Club. Wapinzani wakazigeuza herufi kuwa matusi, wafuasi wakajibu, na mwaka mzima nchi ikawa inasema OK. Van Buren alishindwa uchaguzi, neno likashinda. Haya yote yalifukuliwa na Allen Walker Read, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, akayachapisha mwaka 1963 na 1964. Kabla yake visa vya OK vilikuwa vingi kuliko nyota.

Nyingine nipite haraka maana zamu inaanza. "Upper case" na "lower case" ni masanduku ya wachapaji: herufi kubwa sanduku la juu, ndogo la chini. "Win hands down", kushinda kwa urahisi, ni mbio za farasi, mpanda farasi ameshawaacha wenzake mpaka anashusha mikono na kulegeza hatamu. "Pass the buck", kumsukumia mwenzako jukumu, ni meza ya karata, buck ni kitu kilichowekwa mbele ya mwenye zamu ya kugawa, ukiogopa unampasia wa pembeni. "Barking up the wrong tree", kuhangaika na kisicho chenyewe, ni mbwa wa Marekani wa kuwinda usiku, mnyama ameruka mti mwingine yeye bado anabwekea shina. "Red tape", urasimu, ni utepe mwekundu uliofungia nyaraka za serikali na za mawakili Uingereza. Wakili Mdogo atatwambia kama kwao bado wanafunga.


Wakili Mdogo:

Wa kwetu ni wa waridi, na mafaili yako palepale.


Mjukuu wa Ng'ambo:

Wakuu, nimechelewa uzi lakini nina swali kutoka Unguja. Kuna mzee wa Kiingereza nafanya naye kazi hotelini, kila akimaliza kunielekeza kitu anasema "and Bob's your uncle". Mjomba wangu anaitwa Haji.


Mhariri wa Zamu ya Usiku:

Hahaha. Maana yake ni "basi, imeisha, rahisi hivyo". Kisa kinachosimuliwa ni hiki: Robert Cecil, yaani Lord Salisbury, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Mwaka 1887 akampa mpwa wake, Arthur Balfour, uwaziri wa kusimamia Ireland. Watu wakaguna, kijana ana uzito gani wa kubeba Ireland? Jibu: Bob ni mjomba wake. Na ni mjomba kwelikweli kwa hesabu yetu, maana mama yake Balfour, Blanche, alikuwa dada wa Salisbury. Mwaka 1902 mjomba alipostaafu, mpwa akarithi uwaziri mkuu wenyewe.

Sasa tarehe. Salisbury alifariki 1903. Msemo unaanza kuonekana kwenye maandishi miaka ya 1920, mwaka 1924 ulikuwa jina la onyesho la muziki huko Dundee, Uskoti. Kama ulizaliwa 1887 kwa ajili ya Balfour, ulijificha wapi muda wote huo, na magazeti yalivyokuwa yakimshambulia kila siku? Mimi naiweka kwenye chai, ila chai ya maziwa, maana ukoo na vyeo vyote ni vya kweli.

Na wewe wa Unguja huyo Bob si mgeni kwenu. Ni serikali yake iliyotia saini na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890. Wao wakachukua kisiwa cha Heligoland, Waingereza wakaachiwa Unguja na Pemba.


Mjukuu wa Ng'ambo:

Kumbe. Kesho akisema tena namuuliza Heligoland inaendeleaje.